Oili ya sinthetiki pekee haitatuliza kiu ya gari lako

KILA mwenye gari kubwa anayeishi Kibugu, katika Kaunti ya Embu, anajua kwamba safari ya kurudi nyumbani kutoka mjini ni ya kupanda. Barabara huinuka kuelekea Mlima Kenya, mashamba ya kahawa yakiyapisha yale ya majanichai, na mshale wa petroli hushuka mbele ya macho ya dereva.

Tangu Septemba 2023, bei ya petroli jijini Nairobi ilipopita Sh200 kwa lita kwa mara ya kwanza, suala hilo halijakuwa la mzaha. Na katika gereji nyingi, mwenye gari anayelalamika kuwa gari lake linakunywa mafuta kupita kiasi hupewa jibu moja: achana na oili ya kawaida, weka ya sinthetiki.

Ushauri huo una chembe ya ukweli. Tatizo ni kwamba chembe hiyo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhania, na aghalabu humfanya mwenye gari asahau kutafuta ugonjwa wenyewe.

Tuanze na oili yenyewe. Oili ya kawaida hupatikana kwa kusafisha mafuta ghafi, na molekuli zake ni za maumbo na ukubwa tofauti tofauti. Ile ya sinthetiki hutengenezwa kiwandani kwa kuunganisha au kupanga upya molekuli hizo ili zilingane. Kwa sababu hiyo haigandi upesi kwenye baridi, haiungui upesi kwenye joto kali na haigeuki tope haraka. Wajerumani waliikuza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na oili ya Mobil 1, iliyolisambaza jina hili miongoni mwa wenye magari ya kawaida, ilianza kuuzwa mwaka wa 1974.

Neno lenyewe pia si la kutegemewa sana. Mwaka wa 1999, nchini Marekani, baada ya mzozo kati ya Mobil na Castrol, ilikubalika kwamba oili inayotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu kabisa inaweza pia kuuzwa kama sinthetiki. Kwa hivyo makopo mawili yenye neno hilo hayana lazima ya kuwa na kitu kimoja ndani.

Kinachohusu matumizi ya petroli ni zile namba zilizoandikwa kwenye kopo, kama vile 5W-30 au 20W-50. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ya pili inaeleza uzito wake injini ikishapata moto. Oili nzito hufanya injini itumie nguvu zaidi kuizungusha, kama mtu anayekoroga ugali ilhali mwenzake anakoroga uji.

Kwa mujibu wa Wizara ya Kawi ya Marekani, kutumia uzito wa oili uliopendekezwa na mtengenezaji wa gari hupunguza matumizi ya mafuta kwa asilimia moja hadi mbili, ukilinganisha na kutumia ulio mzito kidogo. Tazama vyema linalosemwa hapo: faida inatokana na uzito unaofaa. Ikiwa gari lako liliundwa kwa 5W-30 na umekuwa ukimimina 20W-50, utaona tofauti. Ikiwa tayari unatumia uzito unaofaa, kubadili jina la oili kutakuletea kidogo mno.

Sasa tupige hesabu ya shilingi. Tuseme gari lako linakwenda kilomita saba kwa lita, unasafiri kilomita 10,000 kwa mwaka, na petroli ni Sh180. Utachoma takriban lita 1,430. Asilimia mbili ya hizo ni lita 28 na ushei, yaani kama Sh5,000 kwa mwaka. Ikiwa oili ya sinthetiki inakugharimu Sh3,000 zaidi kila unapoibadilisha, na unaibadilisha mara mbili, umeshatoa zaidi ya ulichookoa.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna oili inayoweza kulifuta, nalo ni mlima. Gari la tani mbili linapopanda mita 100 kwenda juu huhitaji nishati ambayo, kwa injini ya kawaida inayotumia vyema robo tu ya nguvu iliyomo katika petroli, ni sawa na robo lita hivi. Hiyo ni juu ya petroli ambayo gari lingechoma kwenye tambarare. Anayepanda mamia ya mita kila jioni kutoka mji wa Embu analipa ushuru huo kila jioni.

Ndiyo maana takwimu zinazotajwa wakati wa kununua gari kutoka Japani zisikuvunje moyo. Vipimo vya nchi hiyo, ule wa zamani wa 10-15 na ule wa JC08 ulioufuata, hufanyiwa ndani ya maabara, magurudumu yakizungushwa juu ya mitungi. Humo hamna kilima, hamna tope, wala gunia la mbolea kwenye buti.

Hata hivyo, ikiwa gari lilikuwa likienda kilomita tisa kwa lita kwenye barabara zizo hizo na sasa linakwenda saba, mlima hauna hatia. Kitu kimeharibika. Na kama ningetakiwa kutaja kimoja cha kuchunguzwa kwanza katika sehemu za baridi kama Kibugu, ningetaja themostati.

Themostati ni mlango mdogo unaokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi mlango huo hufungwa, maji yakazunguka ndani ya injini pekee hadi yapate moto. Yanapofika kati ya nyuzi 80 na 90 za selsiasi hivi, hufunguka na kuyaruhusu yaende kupozwa. Kazi yake si kupoza injini tu. Ni kuihakikishia joto linalofaa.

Magari mengi yanayozunguka nchini hayana themostati. Injini ilichemsha siku moja, makanika akaing'oa, gari likaacha kuchemsha, na kila mtu akafurahi. Kwa wakati huo lilionekana tiba. Lakini tangu siku hiyo maji hupita kwenye rejeta muda wote, na injini haifikii joto lake, hasa asubuhi za Julai ukungu unaposhuka kutoka msituni.

Hapo ndipo petroli inapopotea. Magari ya kisasa yana kompyuta inayosoma joto la maji kupitia sensa. Ikiambiwa kwamba injini ingali baridi, huongeza petroli, kama ilivyofundishwa kufanya gari linapowashwa alfajiri. Gari lisilo na themostati huendeshwa kana kwamba limewashwa sasa hivi, hata likiwa limefika Makutano likielekea Nairobi. Petroli isiyoungua vyema huosha kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Unyevu unaojikusanya ndani ya injini nao haupati joto la kuufukuza. Mwenye gari hufungua kifuniko cha oili, akaona utando wa rangi ya maziwa, akashauriwa anunue oili ya bei ghali zaidi.

Kuchunguza hakuhitaji mtambo. Washa gari likiwa limepoa kabisa, kisha shika bomba la juu la rejeta. Kwa dakika kadhaa za mwanzo linapaswa kubaki baridi, halafu lipate moto kwa ghafla. Likianza kupata uvuguvugu mara moja na kuongezeka polepole, themostati haipo au imekwama wazi. Dalili nyingine ni mshale wa joto kushuka gari linapoteremka mteremko mrefu. Bei ya kifaa hiki ni ndogo mno ukilinganisha na galoni moja ya oili ya sinthetiki. Hata hivyo, kabla ya kukirejesha, makanika lazima atafute kilichokuwa kikifanya injini ichemshe hapo awali, la sivyo utachemsha tena njiani.

Kifaa cha pili ni sensa ya oksijeni, iliyo kwenye bomba la moshi. Hiyo ndiyo inayoijulisha kompyuta iwapo petroli imezidi au imepungua. Wizara hiyo ya Marekani inasema kurekebisha hitilafu kubwa kama ya sensa hii kunaweza kuboresha matumizi kwa hadi asilimia 40. Linganisha na ile moja au mbili ya oili. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, isomwe kwa kompyuta ya gereji. Isifunikwe kwa gundi ya karatasi, kama nilivyowahi kuona.

Mengine ni mepesi. Tairi zenye upepo mdogo hula petroli, na kwenye mashimo ya mashambani upepo hupungua bila kuonekana. Breki inayoshika huonekana kwa gurudumu moja kuwa moto kuliko mengine baada ya safari. Kerieri ya juu ya paa isiyobeba kitu huzuia upepo bure barabarani. Magari ambayo dereva huchagua mwenyewe kuendesha magurudumu yote manne yarejeshwe kwenye mawili mara tu tope linapoisha, kwani kwenye lami hali hiyo hula petroli na kukwaruza gia.

Wanaofunga tairi kubwa za kupitia matope nao wajihadhari na hesabu zao. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa kila kilomita, hivyo kipimo cha gari huonyesha umbali mfupi kuliko uliosafiriwa. Gari huonekana limekunywa zaidi ya ukweli.

Je, oili ya sinthetiki basi haina maana? La hasha. Injini zenye tabochaja, zikiwemo nyingi za dizeli, huipasha oili moto mkali, na hapo sinthetiki hustahimili vyema zaidi. Aidha, hudumu muda mrefu. Ikiwa mwongozo wa gari unaruhusu kilomita 10,000 kabla ya kuibadilisha badala ya 5,000, gharama ya galoni moja ghali hulingana na ya mbili rahisi, na umeokoa filta moja. Akiba iko hapo hasa kuliko kwenye petroli. Lakini miongozo mingi hupunguza umbali huo kwa gari linaloendeshwa kwenye vumbi, milima na safari fupi fupi, na hiyo ndiyo hali ya Kibugu.

Zamani wenye magari ya dizeli walikuwa na sababu nyingine ya kubadilisha oili upesi. Salfa iliyokuwa nyingi katika dizeli hugeuka asidi, na asidi hiyo huichosha oili. Mwaka wa 2015 Kenya ilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na mzigo huo ukapungua.

Anayeamua kubadili asitishwe na uvumi kwamba sinthetiki haiwezi kuchanganyika na oili ya kawaida au kwamba ukianza huwezi kurudi nyuma. Zinachanganyika. Ila kwa injini iliyochakaa, oili hii huenda ikasafisha uchafu uliokuwa ukiziba nyufa za mipira, na matone yakaanza kuonekana chini ya gari. Kagua kiwango kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, maana oili bandia ni biashara kubwa, na uhakikishe kopo lina alama ya ubora ya Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS).

Kuna pia tabia ya kuteremka kuelekea Embu gia ikiwa huru ili kuokoa petroli. Kwa gari la kisasa hiyo ni hasara: likiwa ndani ya gia, mguu ukitoka kwenye kanyagio, kompyuta hukata petroli kabisa, likiwa huru, injini lazima ilishwe ili isizime. Isitoshe, mzigo wote wa tani mbili huachiwa breki.

Kabla ya kubadilisha chochote, pima. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, endesha kama kawaida hadi libaki robo, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Rudia mara tatu, kwa kuwa tangi moja huweza kudanganya, halafu badilisha kitu kimoja tu na upime upya.