Usiuze Shamba kwa Habari ya Mawe

Ikiwa unakaa Kibera au Kawangware na shamba lako liko nyumbani, Kwale au Homa Bay, habari hii ni yako.

Siku moja mzee wa Kawangware alituletea ofisini jiwe la rangi ya kutu, limefungwa katika kitambaa. Ndugu yake wa Kwale ndiye aliyempelekea, akasema yuko mtu anayetaka kununua shamba lao haraka, kabla Serikali haijalitwaa. Mzee akauliza, je, auze?

Kwanza tulifahamu jiwe lenyewe. Ziko volkeno chache zinazotoa mwamba wenye kaboneti nyingi, uitwao kabonatiti. Ol Doinyo Lengai, Tanzania, ni moja. Mlima Mrima wa Kwale na milima ya Ruri ya Homa Bay ni mabaki ya volkeno za zamani za namna hiyo. Kule Mrima mvua ya miaka mingi mno imeyeyusha chokaa, ikaacha udongo wenye niobi na madini mengine adimu. Niobi hutiwa katika feleji ili iwe na nguvu zaidi. Madini mengine hutengenezewa sumaku ndogo kali, kama zile zilizomo ndani ya simu.

Lakini kuonekana kwa madini si kupata mgodi. Wapimaji hutembea kwanza na chombo cha kupima mnururisho, kwani madini haya mara nyingi hufuatana na thoriamu. Kisha huchukua udongo hapa na pale, huchimba mashimo, hutoboa mwamba na kupeleka vipande maabara. Kazi hiyo huchukua miaka, na mara nyingi mwisho wake ni kufukia mashimo tu.

Tazama Mrima wenyewe. Ulipimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza utajiri mkubwa, na mwaka huo huo Serikali ikafuta leseni yake. Mwaka 2018 baraza la usuluhishi la kimataifa liliamua kwamba Kenya haidaiwi kitu, kwa kuwa leseni ilitolewa bila vibali vya mazingira vilivyotakiwa na sheria. Mrima ni msitu wa hifadhi, tena ni kaya ya Wadigo.

Sasa sheria. Kwa Sheria ya Madini ya 2016, madini yote ni mali ya Jamhuri, lakini shamba ni lako. Mpimaji hana budi kupata idhini ya mwenye ardhi, na akiharibu mimea au nyumba, alipe. Serikali nayo ikitwaa ardhi kwa faida ya umma, Katiba yataka mwenyewe alipwe fidia ya haki upesi. Mgodi ukifunguliwa, asilimia 10 ya mrabaha ni ya jamii ya mahali pale.

Basi, mbona mnunuzi yule ana haraka? Ajua kwamba fidia hulipwa mwenye shamba.

Kwa hiyo, akija mpimaji, mwombe leseni na uisome. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Hati yako iweke salama, na watu wa nyumbani waendelee kulima. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Mzee alilifunga tena jiwe lake, akaenda kumtumia nduguye fedha za mbegu ya mahindi.