Mwenye Gari Dogo la Mizigo na Ajue Kipimo Chake

Katika nchi ya Kinangop, ambako viazi na kabichi hustawi sana, mambo machache humsumbua mkulima kama safari ya kwenda sokoni. Mazao yakiwa tayari na mvua ikinyesha, asiye na gari hana budi kungoja la mwingine, na angojaye hana nguvu ya kupatana bei. Ndiyo sababu wakulima wengi hutamani kununua gari dogo la mizigo, yaani pikapu.

Tamaa hiyo si mbaya. Asubuhi gari hilo hupeleka maziwa, mchana hurudi na mbolea na chakula cha ng'ombe, na usiku huweza kumfikisha mgonjwa hospitali. Lakini lina kipimo chake. Datsun 1200, iliyoanza kuundwa mwaka 1971, ilipimiwa kilo 500 hivi. Peugeot 504 ya mizigo, iliyotokea mwaka 1979, iliweza kuchukua zaidi ya tani moja. Nyingi za siku hizi huchukua tani moja hivi. Hesabu yake ni rahisi: magunia 20 ya viazi ya kilo 50, au mifuko 20 ya simiti, au maji lita 1,000, kila kimoja ni tani nzima. Hapo gari limejaa, hata kama jicho laona nafasi.

Azidishaye huvunja springi na kuchakaza tairi, na katika mteremko breki zaweza kushindwa. Tena mzigo mzito uwekwe upande wa mbele wa sanduku, si mkiani. Ukilemea nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hautii. Kadhalika gari tupu huteleza upesi katika matope, basi mwendo upunguzwe.

Walakini jambo gumu kuliko springi ni maombi ya majirani. Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Huyu huongeza gunia moja, yule hupanda juu ya magunia pamoja na watoto wake, na mwenye gari huona aibu kukataa. Lakini siku gari lipinduliwapo, lawama ni yake peke yake. Yafaa tangu siku ya kwanza atangaze masharti: mgonjwa na msiba havina nauli, mzigo wa biashara hulipiwa, wala mtu hapandi juu ya mizigo.

Mwisho, awe na daftari. Aandike kila safari, petroli, matengenezo, bima, na fedha zilizopatikana, tena atenge akiba ya tairi kila mwezi. Baada ya miezi sita alinganishe gharama hizo na nauli ambayo angalilipa kwa kukodi. Ikiwa gari husimama uani siku nyingi za juma, ni heri kuendelea kukodi, au kushirikiana na jirani mwaminifu. Ikiwa lina kazi kila siku, basi amepata msaidizi wa kweli shambani, na alitunze kama atunzavyo ng'ombe wake wa maziwa.