Moyo, mishipa yake na ugonjwa wa sukari

Zaidi ya mara moja tumeitwa katika kilio cha namna hii. Mzee alikula jioni pamoja na ndugu zake, akasema amechoka, jasho baridi likamtoka, akalala. Alfajiri wakamkuta amekufa. Kifuani hakuumwa hata kidogo. Basi maneno yanaanza: nani alipika chakula kile? Katekista anaombwa kupatanisha watu, naye hana la kusema. Hatusemi kwamba hakuna sumu duniani. Lakini marehemu akiwa alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, iko njia nyingine ya kuelewa kifo chake, na afadhali tuijue kabla ya kumwita mtu mlozi.

Moyo hupiga wenyewe. Ukiachwa peke yake, ungepiga karibu mara 100 kwa dakika. Lakini mishipa ya fahamu ya namna mbili inauongoza. Ya kwanza, simpatiko, inauharakisha tunapokimbia, tunapoogopa, au tunaposimama ghafula. Wa pili huitwa vagus, na wanafunzi wa Kilatini wameelewa tayari: ni mzururaji, kwa kuwa unatoka kichwani, unashuka shingoni, unafika moyoni na mapafuni, hata tumboni. Kazi yake kwa moyo ni kuuzuia, kama breki ya kinga. Ndiyo maana mtu aliyepumzika moyo wake hupiga mara 60 au 70 tu. Mwaka 1921, mjini Graz katika Austria, Otto Loewi aliamsha vagus ya moyo wa chura, moyo ukapunguza mwendo; akachukua maji yaliyokuwa ndani yake akayatia katika moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza vilevile. Kumbe mshipa unasema na moyo kwa njia ya dawa ambayo wenyewe unaitoa! Loewi alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia usiku katika ndoto. (Waseminari wasilichukue neno hili kama ruhusa ya kusinzia darasani.)

Mwaka uleule, mjini Toronto katika Kanada, Banting na Best walipata insulini. Hiyo hutoka katika kongosho, nyama iliyo nyuma ya tumbo, nayo huifungulia sukari ya damu mlango wa kuingia mwilini. Lakini mwaka 1936 Mwingereza Himsworth alionyesha kwamba kuna wagonjwa ambao hata wakipigwa sindano ya insulini, sukari yao hushuka kidogo tu. Mwili umekuwa mkaidi: unaitwa, hauitiki. Kongosho linajibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi, na kwa miaka mingi damu ikipimwa sukari inaonekana nzuri.

Hapo ndipo ubaya unapojificha. Misuli na maini ni viziwi, lakini figo na simpatiko bado vinasikia. Insulini ile nyingi inafanya figo kushika chumvi na kuichochea simpatiko. Moyo unasukumwa mbio hata mtu akikaa kitini. Baadaye kongosho linachoka, sukari inapanda, nayo inaharibu mishipa ya fahamu, kwanza iliyo mirefu: ile ya miguu, na vagus. Breki imekatika. Mtu anakaa kimya, moyo unapiga 90 au 100. Mwishoni simpatiko nayo inaharibika: padri anainuka baada ya kupiga magoti, anaona giza. Tena mishipa inayopeleka habari za maumivu ya moyo hufa. Mshipa wa damu wa moyo ukiziba, mwenyewe haumwi.

Waganga wa hospitali wana kipimo chepesi. Mgonjwa anavuta pumzi polepole na kuitoa, mara 6 kwa dakika, na mashine inaandika mapigo. Tukivuta pumzi moyo hukimbia, tukiitoa hupungua. Kwa kijana mzima tofauti ni 15 au zaidi kwa dakika; ikiwa 10 au chini, vagus imeumia.

Makatekista wa zamani walikwenda kwa miguu kijiji kwa kijiji. Leo twapanda pikipiki, na kila kapela inatungoja na bugali, nyama na chupa yenye sukari. Ukarimu huo hatuulaumu. Lakini msuli unaotembea huvuta sukari hata kama insulini haisikiwi, na ukaidi wa mwili hupungua.

Mgonjwa wa sukari akitoka jasho baridi, akikosa pumzi, akitapika au akilegea ghafula, apelekwe hospitali usiku uleule, hata akisema haumwi. Pengine ni sukari iliyoshuka kwa ajili ya dawa zake. Kama anaweza kumeza, apewe maji yenye sukari, na safari ianze.