Ukialikwa Harusi ya Kanisani

Nimeombwa niandike juu ya adabu za harusi za Kikatoliki, kwa kuwa vijana wetu hapa Uingereza wamesoma na kufanya kazi pamoja na Wakatoliki, na kadi za mwaliko haziishi kutufikia. Nimekubali upesi, kwa sababu ninalo deni la zamani.

Mwaka 1985, huko Unguja, mwalimu mwenzangu, Mgoa, alifunga ndoa katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile la Minara Miwili, lililojengwa na mapadri wa Kifaransa baina ya 1893 na 1898. Miaka miwili nyuma yeye alihudhuria nikaha yangu, akavua viatu, akakaa mkekani mpaka mwisho. Siku yake mimi nilisimama nje, ng'ambo ya njia, na kanzu yangu iliyopigwa pasi, mpaka walipotoka. Sikuzuiwa na mtu. Nilizuiwa na ujinga. Nilidhani nitalazimishwa kupiga magoti, nitatiwa mkate kinywani, na kila mtu atanitazama. Alipotoka alinikumbatia, hakuniuliza kitu. Kutoniuliza kwake ndiko kulikoniuma.

Mwaka jana alimwoza binti yake hapa Leicester, akanialika. Safari hii nilimpigia simu, nikamwuliza kila kitu. Haya ndiyo niliyoyapata kwake na niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza, kadi. Waliotajwa ndio walioalikwa. Kwetu ukimwalika mmoja umeialika nyumba nzima. Hapa kila kiti na kila sahani imehesabiwa. Jibu kabla ya tarehe iliyoandikwa, na katika jibu lako ndipo useme kwamba huli nguruwe wala hunywi ulevi. Usingoje kubishana na mtumishi mezani.

Pili, wakati. Fika robo saa kabla. Ukichelewa ukamkuta biharusi anaingia, usimpite. Subiri nyuma mpaka afike mbele, kisha ukae kiti cha karibu.

Tatu, mavazi. Mabega yafunikwe, na mtandio wa mama zetu hauna neno. Lakini wanaume, kwa desturi ya kanisani, huvua kofia. Msikitini tunavua viatu na kuvaa kofia. Kanisani mambo ni kinyume. Shangazi yangu, kwa taadhima, alivua viatu mlangoni, ikabidi msichana mmoja amrudishie taratibu. Maji yaliyowekwa mlangoni ni yao, huchovya vidole wakafanya ishara ya msalaba. Wewe pita tu.

Viti vya mbele ni vya jamaa wa karibu. Kwa desturi upande wa kushoto ni wa biharusi, wa kulia ni wa bwana harusi. Sisi wageni tukae katikati, tupate kuwatazama walio mbele yetu. Wakisimama, simama. Wakikaa, kaa. Wakipiga magoti, kaa kimya. Hulazimiki kuimba wala kuitikia. Simu izimwe, na picha zipigwe kwa ruhusa ya padri.

Sasa ndoa yenyewe. Kwetu biharusi aghalabu yuko ndani, na walii wake ndiye anayesema. Kwao walii hana la kusema. Padri huwauliza wenyewe: je, wamekuja kwa hiari yao? Je, watapendana na kuheshimiana maisha yao yote? Je, watapokea watoto? Kisha kila mmoja hutamka ahadi kwa kinywa chake. Kwa mafundisho yao, wanaofungishana ndoa ni hao wawili. Padri na mashahidi wawili wanashuhudia. Pete hubarikiwa, wakavishana. Kanisa lao halina talaka, na ukilijua hilo utaelewa kwa nini sauti ya yule binti ilitetemeka. Mwisho hutia saini karatasi za serikali: hapa Uingereza, tangu Mei 2021, ni hati moja inayopelekwa kwa msajili, si daftari kama zamani.

Wote wawili wakiwa Wakatoliki, aghalabu huwa na Misa, nayo huchukua kiasi cha saa nzima au zaidi. Ndani ya Misa watu hupeana mikono ya amani. Asiyempa mkono asiye maharimu wake aweke mkono kifuani na kuinamisha kichwa, ataeleweka. Kisha huja komunyo, jambo nililoliogopa mwaka 1985. Watu huinuka safu kwa safu kwenda mbele. Hiyo ni ya Wakatoliki peke yao. Wewe baki kitini, uwapishe wanaopita. Hapana atakayekushika mkono kukuinua. Hofu yangu yote ile ya zamani ilikuwa juu ya jambo ambalo wao wenyewe hawalitaki kwangu.

Vigelegele ulizeni kwanza. Shangazi alivizuia kifuani mpaka tulipotoka, akavimwaga vyote kwenye ngazi, na Waingereza wakapiga makofi.

Liko jambo moja la kuzungumzwa majumbani. Akitokea kijana wetu kutaka kuoana na Mkatoliki, ajue kwamba yule Mkatoliki huahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa katika kanisa lake, na mwenziwe hujulishwa ahadi hiyo. Wakati huo ibada huwa fupi, bila Misa. Mambo haya yasemwe na wazee wa pande zote mbili kabla ya kadi kuchapwa, si baada ya mtoto kuzaliwa. Mimi si mufti. Mwenye shaka, hata ya kuhudhuria tu, amwulize shehe wake. Lakini aulize mapema, asiende kusimama ng'ambo ya njia.

Rafiki yangu alipopita na binti yake mkononi, aliniona kwenye benchi. Nje, baada ya picha, alinijia.

"Mwalimu, leo umeingia."

"Nimechelewa," nikamwambia.

"Umechelewa," akasema, akanishika mkono tukaenda kula. Sahani yangu ilikuwa imewekwa jina, na ndani yake samaki.

Wassalaam.