Lubumbashi huona mechi ambazo London hazionyeshwi

Jumamosi ya Januari, saa kumi na moja jioni kwa saa za Lubumbashi, nganda, yaani baa, za mitaa ya Katuba na Kenya zimejaa watu wanaotazama Ligi Kuu ya England. Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, jenereta inawashwa haraka, maana mwenye nganda amekwisha kulipa abonoma ya televisheni ya Canal+ kwa dola kupitia simu, na anategemea bia ya Simba na Tembo imrudishie pesa yake. Dekoda ndiyo mtaji wake.

Kule Uingereza ni saa tisa alasiri, na mechi hizo hazionyeshwi. Tangu miaka ya 1960 vilabu vya huko vinazuia mechi za Jumamosi kurushwa moja kwa moja kati ya saa nane na dakika 45 na saa kumi na moja na robo, ili mashabiki wasiache kwenda viwanjani kwa timu ndogo. Katika mkataba ulioanza 2025, vituo vya Sky na TNT vinaonyesha nyumbani Uingereza mechi 267 kati ya 380 za ligi hiyo. Wanunuzi wa nje hupewa zote.

Televisheni ya huko haikuonyesha mechi nyingi hivyo siku zote. Mechi ya kwanza ya ligi kuonyeshwa moja kwa moja huko, Blackpool na Bolton, ilikuwa Septemba 1960, na jaribio hilo likaachwa upesi. Mechi za moja kwa moja zilirudi mwaka 1983. Mwaka 1992 Sky ikaja na fedha nyingi, na Ligi Kuu mpya ikazaliwa. Katika mikataba ya 2022 hadi 2025, haki za nje zilipita za ndani kwa thamani, kwa hiyo dola ya Katuba nayo imo katika mishahara ya Manchester.

Mji huu nao umewahi kuuonyesha ulimwengu mpira wake. Tarehe 14 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, TP Mazembe, klabu ya hapa, iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, na kipa Kidiaba akarukaruka kwa makalio mbele ya kamera za dunia nzima. Hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefika fainali ya kombe hilo kabla yake.

Lakini umaarufu ule haukugeuka kuwa soko la haki za matangazo nyumbani. Klabu imesimama kwa mfuko wa rais wake, Moïse Katumbi, na televisheni ya Katumbi, Nyota, ilifungwa 2016 siasa zilipochacha, ikarudi hewani 2019. Ligi ya Kongo yenyewe, Linafoot, haikumaliza msimu wa 2022/23. Nani anunue kalenda isiyo na mwisho? Hata Oktoba 2023, Mazembe ilipoikaribisha Espérance ya Tunisia katika African Football League, mechi ya nyumbani ilichezwa Dar es Salaam.

Na Dar ndiko kwenye mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini miaka 10 na shirikisho la soka la Tanzania kwa zaidi ya shilingi bilioni 225, na kila klabu ya ligi kuu ina fungu lake. Kongo ina watu wengi zaidi na mapenzi ya mpira yasiyopungua. Inachokosa ni ratiba inayoaminika. Hata ratiba hiyo ikipatikana, soko limebadilika: tangu Septemba 2025 Canal+ inamiliki pia MultiChoice, kampuni ya DStv, na Linafoot itakapokwenda sokoni itakuta wanunuzi wakubwa wamepungua.