Ndugu Watano na Manowari Yao

Katika mji wa Waterloo, jimbo la Iowa huko Marekani, iliishi jamaa moja ya Wakatoliki, Thomas Sullivan na mkewe Alleta. Wana wao walikuwa watano: George, Francis, Joseph, Madison na Albert. Vita vilipofika kwao, vijana hao waliingia jeshi la bahari kwa sharti moja tu, wasitenganishwe.

Tarehe 13 Novemba 1942, karibu na kisiwa cha Guadalcanal, manowari yao Juneau ilipigwa na topido ikazama. Kati ya watu karibu 700 waliokuwamo, walioopolewa baharini wakiwa hai ni 10 tu. Ndugu wote watano walikufa.

Aprili 1943, mama yao aliitwa San Francisco kuishusha majini manowari mpya yenye jina la wanawe, The Sullivans. Fikirini moyo wa mama yule siku ile!

Manowari hiyo ilikuwa ya ukoo wa Fletcher: meli nyepesi ziendazo mbio, za kulinda meli kubwa na kuwinda sabmarini. Urefu wake ni kadiri ya meta 115, na mashini zake zina nguvu ya farasi 60,000. Kati ya 1942 na mwanzo wa 1945 zilimalizika meli 175 za namna hiyo. Iliwezekanaje? Viwanda vilikuwa vingi, lakini mchoro ulikuwa mmoja. Kwa hiyo bomba au valvu ya meli moja iliweza kumfaa dada yake.

Faida hiyo ilidumu baada ya vita. Nyingi zilipewa mataifa mengine, kama Ugiriki, Uturuki na Ujerumani. Zilipozeeka, baadhi hazikutumwa tena baharini, bali zilifunguliwa vyuma vyake viwe vipuri vya zile zilizobaki kazini. Mzee aliyechoka akamsaidia ndugu yake kuendelea na safari.

The Sullivans iliacha kazi mwaka 1965, na tangu 1977 inatunzwa Buffalo kuwa ukumbusho. Lakini chuma hakina huruma kwa mvivu wala kwa mwenye bidii: kutu hula usiku na mchana. Aprili 2022 maji yaliingia kwa matundu ya ubavuni, meli ikainama na kukaa chini kwenye matope. Mafundi wakaziba matundu, wakayavuta maji kwa pampu, nayo ikaelea tena.

Mtume Paulo alitufundisha kwamba sisi ni viungo vya mwili mmoja. Jamaa nayo ni hivyo. Tundu dogo la ugomvi lisipozibwa mapema, nyumba nzima huzama. Na aliye na nguvu kidogo bado ana kitu cha kumpa ndugu yake. Tuwaombee marehemu wa vita vyote, na wazazi waliobaki nyuma yao.