Sabuni ya Povu kwa Gharama Ndogo

Kipande cha sabuni kikiwekwa kando ya choo cha shule hakikai: huyeyuka kwa mvua au huchukuliwa. Kwa hiyo nataka kuwaeleza jinsi tunavyojaza tena zile chupa za pampu zitoazo povu.

Chukua maji yaliyochemshwa yakapoa, vikombe 4. Ongeza kikombe 1 cha sabuni ya maji, ukoroge polepole. Chuja kwa kitambaa safi, maana taka huziba wavu mdogo uliomo ndani ya pampu. Pampu hiyo huchanganya sabuni na hewa, ndiyo sababu sabuni nyepesi hutoa povu jingi. Hivyo kikombe 1 huwa vikombe 5. Tengeneza ya wiki moja tu, isije ikaharibika.

Asiye na pampu na atie vijiko 2 vikubwa vya sabuni ya unga katika chupa ya maji ya lita 1½, aitikise, atoboe kifuniko kwa msumari, kisha aitundike karibu na kibuyu chirizi.

Jambo hili si mchezo. Tarehe 20 Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika wilaya ya Biharamulo, jirani zetu sisi wa Ngara, na ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Kirusi chake kimevikwa utando wa mafuta, nayo sabuni huuvunja. Basi tusugue mikono kwa sekunde 20, kisha tuisuuze. Nanyi wazazi wetu, jaribuni nyumbani.